Ngazi ya Meneja

Ngazi ya nyumba mpya ya Meneja ilikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kushika. Ilikuwa na vigae vilivyong'aa hadi mtu akajiona meno. Ilikuwa na taa ndogo ndogo ukutani, na katikati ilikuwa na kona pana ambapo mgeni alitakiwa asimame kidogo na kusifu. Upande mmoja wa ngazi hiyo palikuwa na ukuta. Upande wa pili palikuwa na hewa.

Meneja alikuwa kaka mkubwa wa familia, na kila mtu alimwita Meneja, mama yake mzazi akiwamo, ingawa kazini alikuwa bado msaidizi wa meneja, na meneja mwenyewe alikuwa na afya njema. Alikuwa amesema vyuma vya ngazi vitakuja. Alisema hivyo vigae vilipowekwa, akasema tena taa zilipowaka, na Jumamosi ile alipomwita mdogo wake mshonaji aje kutundika mapazia, maana kesho yake wangekuja wageni kuitazama nyumba, alisema vyuma viko njiani.

Mshonaji alipanda na mapazia yamemjaa mikononi hadi kidevuni. Alikuwa ameyashona wiki nzima bila malipo, kwa kuwa katika familia ile kumtoza kaka fedha ya kazi ilikuwa sawa na mama kumtoza mtoto nauli ya kumbeba mgongoni. Alifika kwenye ile kona ya kusifia, akageuka, mguu wake ukatafuta kidato ukakosa.

Alianguka na mapazia yote. Watu walisema baadaye kwamba mapazia ndiyo yaliyokiokoa kichwa. Mkono wa kulia haukuokolewa na kitu chochote. Ulitangulia kufika chini, ukapokea mwili mzima.

Haki itendeke na isemwe: Meneja ndiye aliyembeba hadi garini, akiwa na soksi tu miguuni. Alipiga honi njia nzima, hata pale ambapo hapakuwa na gari la kupigiwa honi. Hospitalini alilipia kadi, akalipia picha ya mfupa, akalipia plasta, kisha akakaa kwenye benchi na kukishika kichwa chake kana kwamba nacho kimevunjika. Nesi alipomwuliza yeye ni nani wa mgonjwa, alijibu, "Mimi ni baba yake." Baba yao alikuwa amefariki zamani, na Meneja alikuwa amezoea kujibu hivyo.


Plasta ilipotolewa, mkono ulitoka umepauka na umekonda, kama mkono wa mtu mwingine ulioazimwa. Daktari alimwambia akunje ngumi. Mshonaji akakunja. Daktari akangoja. Akamwambia tena akunje ngumi, na mshonaji akamwambia kwamba ameshakunja.

Mfupa ulikuwa umeunga upande. Daktari alieleza taratibu kwamba ungelazimika kuvunjwa upya na kufungwa kwa bamba la chuma, kwamba kazi hiyo hufanywa na daktari bingwa katika hospitali nyingine, na gharama yake aliitaja huku akitazama dirishani. Kisha akaongeza kwamba jambo hilo halipaswi kusubiri sana. Mkono ukiachwa hivyo utazoea, na ukishazoea ndiyo basi.

Mshonaji alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga, cherehani yake ikiwa imeelekea mlangoni ili iokote mwanga wa bure. Ulikuwa msimu wa sare za shule. Alijaribu kukata kaptura moja. Mkasi wa kitambaa ni mzito, unataka kidole gumba kinachotii, na kidole chake kilikuwa kimegoma kama kibarua aliyechoka kuahidiwa. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Kaptura ikatoka na mguu mmoja wa mtoto na mwingine wa mjomba wake.

Mume wake, fundi rangi, aliporudi kazini aliketi mwenyewe kwenye cherehani kwa moyo wote. Alishona shati la kwanza kwa bidii kubwa, akashona hata pale ambapo kichwa cha mtoto kilitarajiwa kutokea. Walicheka. Kisha mke akaacha kucheka kabla ya mume, na mume akaona, akainuka akaenda kuosha brashi ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Walikuja wamepunguza sauti, kama watu wanaoingia msibani. Mteja mmoja wa miaka mingi, ambaye mshonaji alimshonea gauni la harusi na baadaye akalipanua mara kadhaa bila kutaja sababu, alimpa pole ndefu yenye machozi. Alipokuwa akitoa pole hiyo alikuwa akikipima kitambaa chake kwa urefu wa mkono, kutoka kidoleni hadi begani, kuona kama kimepungua. Hakikupungua. Akatoa pole nyingine, fupi zaidi, akaondoka.

"Twende kwa kaka yako," alisema fundi rangi.

"Kumwambia nini?"

"Kwamba una mkono mmoja."


Walikwenda Jumapili mchana, wamevaa kama wavaavyo watu wanaokwenda kuomba, yaani vizuri kupita kiasi. Mapazia yalikuwa madirishani, yameshikizwa kwa pini pale ambapo pindo halikumalizika. Na ngazi ilikuwa na vyuma. Vilikuwa vyuma vyeusi vizito, vyenye maua ya kusokotwa, kuanzia chini hadi juu kabisa. Fundi wa kuchomelea, walivyokuja kuambiwa, alifika Jumatatu ile ile iliyofuata ajali, mshonaji akiwa bado hajapata nguvu ya kuinuka kitandani. Meneja alivipiga vyuma makofi kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake mgongoni.

"Sasa hata tembo akiteleza hapa atapata cha kushika," alisema.

Wifi, mke wa Meneja, alileta juisi, akaiweka, akaondoka bila kumtazama mtu.

Fundi rangi alieleza habari ya mfupa, bamba na daktari bingwa. Meneja alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma, na huruma hiyo haikuwa ya kuigiza. Kisha naye akaeleza hali yake: ukuta wa uani haujaisha, ada za watoto zimefika pamoja, kazini posho zimesimamishwa. Aliyasema yote hayo chini ya taa ya dari iliyokuwa na balbu nyingi kuliko nyumba nzima ya wageni wake. Alipomaliza akamgeukia mdogo wake, akalainisha sauti.

"Na wewe mdogo wangu, tuseme ukweli. Siku ile ulibeba mapazia mpaka machoni. Ulikuwa huoni."

"Nilikuwa naona, kaka. Nilikosa cha kushika."

"Lakini ngazi hii kila mtu anaipanda."

"Siku hizi, ndiyo," alisema fundi rangi.

Wote wakanywa juisi. Meneja akasema atatafuta kitu, kitu kidogo, kama zawadi, asije mtu akasema amemtupa mdogo wake. Alipowasindikiza hadi getini alimpa fundi rangi mkono wa kwaheri, na ndani ya mkono huo mlikuwa na noti iliyokunjwa ndogo kama kidonge. Ilikuwa nauli. Fundi rangi aliishika njia nzima bila kuifungua, na walirudi kwa miguu.


Ofisi ya msaada wa sheria ilikuwa juu ya duka la viatu, na kufika huko kulihitaji kupanda ngazi. Mshonaji aliitazama kwanza. Ilikuwa na cha kushika pande zote mbili. Akapanda.

Mwanasheria alikuwa mama mwenye mafua, na kila alipotaka kusema jambo zito alipenga kamasi kwanza, hivyo mtu alipata muda wa kujiandaa. Aliuliza maswali ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameyauliza. Nani alimwita pale siku ile? Mwenye nyumba alijua ngazi haina vyuma? Tangu lini? Alimwonya? Alibeba nini, na kilimfika wapi? Mshonaji alijibu yote, hata la mapazia, akaonyesha kidevu.

"Unaishi kwenye nyumba ile?"

"Hapana."

"Vizuri. Basi kwa sheria wewe ni mtu wa nje."

Mshonaji alikunja uso. "Mimi siyo mtu wa nje pale. Ni kwa kaka yangu. Naingia jikoni kwake bila hodi."

"Najua, mama. Lakini mtu wa ndani halipwi."

Akampa muda wa kulimeza hilo, akapenga kamasi, kisha akamweleza njia zilizokuwa mbele yake. Wangeweza kukaa na kaka na kukubaliana, ila makubaliano yaandikwe na yashuhudiwe, yasiwe ya kupeana mikono getini. Ikishindikana, angempelekea mwenye nyumba barua ya madai, kwamba alijua pana hatari, akamwita mtu apite hapo hapo, na kwa hiyo anawajibika kwa matibabu na kwa kazi iliyopotea. Barua ikidharauliwa kulikuwa na mahakama. Kule ni mbali, na upande wa pili utayaleta yale yale ya mapazia machoni, na hakimu akiona mlalamikaji naye alizembea kidogo atampunguzia fidia kidogo. Na njia zote hizo zina kikomo cha muda, kwa sababu sheria haimngoji mtu amalize kuona aibu.

"Ana bima ya nyumba?" aliuliza.

"Hana."

"Alijenga kwa mkopo?"

Mshonaji alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu lile shati lisilo na shingo. Akaeleza kwamba baba yao alikufa na madeni, na wadai walikuja wakabeba makabati na vitanda mbele ya waombolezaji. Tangu siku hiyo neno mkopo halikutamkwa kwa Mama bila mtu kutazamwa vibaya. Nyumba ya Meneja ndiyo iliyomfanya Mama ainue shingo tena. Hapakuwa na harusi wala kikao cha ukoo ambapo hakusimama kutangaza kwamba mwanawe amejenga bila kukopa hata msumari.

"Pole," alisema mwanasheria. "Ningefurahi kama angekuwa amekopa. Benki haitoi fedha ya nyumba kubwa bila kudai bima, na bima za namna hiyo mara nyingi zinamlipa mgeni akiumia ndani. Siyo zote, lakini nyingi. Asingetoa hata senti yake. Angesema tu ukweli kuhusu ngazi."

Fundi rangi alikuwa akitazama dari ya ofisi, ambayo rangi yake ilikuwa ikibanduka. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyepaka kuta za nyumba ile, alipanda na kushuka mara zisizo na idadi, na anaweza kuapa kwamba hapakuwa na chuma hata kimoja. Mwanasheria alimjibu kwamba atakuwa shahidi, lakini watasema ni mume. Vyuma sasa vipo, kila mtu anaviona. Neno litakalokuwa na uzito ni la mwenye nyumba.

Barua ya madai iliandikwa pale pale. Mshonaji alishika kalamu, ikamponyoka, akaishika tena ikamponyoka tena. Mwishowe aliweka dole gumba la kushoto, yeye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Akaomba barua isitoke kabla familia haijakaa.


Kikao cha familia kilifanyika sebuleni kwa Mama, kikafunguliwa kwa chai. Kwenye kona palikuwa na kitu kimefunikwa blanketi, na Mama alikuwa akikitupia macho kama mtu anayejua siri nzuri. Meneja alivuta blanketi. Chini yake palikuwa na cherehani mpya ya umeme, nyeupe, bado ina nailoni.

Mama alipiga makofi. "Mwone kaka yako. Mwone."

Kumnunulia mwenye kipara kitana ni jambo ambalo watu hulifanya kwa utani. Meneja alilifanya kwa moyo safi, uso wake ukiwa umejaa matumaini.

"Nzuri sana, shemeji," alisema fundi rangi. "Hii inatumia nini?"

"Umeme. Unakanyaga kidogo tu, inakwenda."

"Na kitambaa anashika nani?"

Mama aliweka kikombe chini. Alisema amesikia kwamba kuna mtu amepanda kwa wanasheria, na kwamba alipolisikia hilo alimwambia aliyemletea habari kwamba amekosea nyumba. Alisema watoto waliolala tumbo moja hawapelekani barua. Meneja amebeba familia hii tangu angali kijana, amesomesha, amezika, amejenga kwa jasho lake bila kumwinamia mtu. Amenunua zawadi. Sasa yaishe, wanywe chai, waondoke wakiwa familia.

"Au unataka kumvunja mwenzako?" aliuliza.

"Mama," alisema mshonaji, "aliyevunjika ni mimi."

Mshonaji hakuwa amepanga kusema hivyo, na kwa kuwa alikuwa ameshasema, akaona aendelee. Akamgeukia kaka yake, akamwuliza, kwa sauti ya kuuliza saa, kama nyumba yake ina bima.

Meneja alivuta mikono ya shati lake, mmoja halafu mwingine. Shati lenyewe alilishona mdogo wake. "Bima ni mambo ya watu wa mikopo," alisema.

"Umesikia?" alisema Mama.

Hapo wifi, ambaye hakuwa ametamka neno tangu aingie, aliinuka, akachukua birika, akasema chai imekwisha, akaenda jikoni. Mshonaji alikuwa amelitazama birika lile likiinuliwa. Miaka ya kupima vitu kwa macho ilimwambia kwamba limejaa. Akamfuata.

Alimkuta wifi akimwaga chai kwenye sinki, taratibu, mgongo ukiwa umeelekea mlangoni.

"Benki haitoi mkopo bila bima, wifi," alisema bila kugeuka. "Kila mwezi wanakata, mkopo na bima yake. Na mimi nimesema chai imekwisha. Ndicho kitu pekee nilichosema."

"Ndicho," alisema mshonaji.

Alisimama pale kidogo, akiutazama mvuke. Angeweza kurudi sebuleni na kulisema. Lingechukua pumzi moja. Aliona jinsi uso wa Mama ungekuwa, akaona makabati ya baba yakitoka mlangoni, ingawa alikuwa mdogo na alichokumbuka kwa hakika ni miguu tu ya watu waliokuwa wakiyabeba. Akarudi sebuleni, akashukuru kwa zawadi, akamwomba kaka yake amsaidie kuibeba hadi kwenye gari lake.


Meneja aliiweka cherehani kwenye buti la gari kwa uangalifu, kama mtoto aliyelala.

"Nimejua, kaka," alisema mshonaji.

Meneja hakuuliza amejua nini. Alifunga buti, akalifungua tena, akalifunga.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama hatajua kutoka kwangu."

Meneja aliegemea gari. Akasema siku ile ya makabati yeye ndiye aliyewafungulia wale watu mlango, kwa sababu walibisha hodi kwa adabu na hakujua kwamba angeweza kukataa. Mama alimwapisha siku hiyo hiyo kwamba hatakopa kamwe. Alisema alipokwenda benki alijiambia ni kwa ajili ya paa tu, kisha paa likataka dari, dari ikataka taa. Fedha ziliisha vigae vikiwa vimefika juu na vyuma bado.

"Nikijaza zile karatasi za bima, watakuja. Wataulizauliza. Mama atasikia."

"Nipe mkono," alisema mshonaji.

Alimpa. Mshonaji aliushika kwa mkono wake wa kulia, kama alivyozoea kuushika wakivuka barabara kwenda shule, yeye akiwa na mkoba mkubwa kuliko mgongo. Walisimama hivyo. Meneja alikuwa akingoja.

"Nimeshika kwa nguvu zangu zote," mdogo wake alimwambia.

Meneja alitazama mikono ile miwili. Kisha alitazama pembeni, kwenye ukuta wa jirani.

"Barua itatoka Jumatatu," alisema mshonaji. "Utaijibu utakavyo."

"Kwa hiyo unanishtaki."

"Ninamdai mwenye nyumba. Kaka yangu ninamwambia mapema, asije akashtuka."

Akamwomba cherehani airudishe dukani kabla haijatolewa nailoni.


Barua ilitoka. Mama akaacha kupokea simu za binti yake. Shangazi mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa na salio, alipata salio la kutosha kumpigia mshonaji na kumweleza maana ya damu. Fundi rangi alipata kazi ya kupaka bohari, akawa anarudi na nywele nyeupe kama mzee. Mshonaji aliifunika cherehani yake ya zamani kwa kitambaa. Kila asubuhi alikunja ngumi mbele ya dirisha na kuitazama, na kila asubuhi ilikuwa ile ile.

Halafu Meneja akapiga simu. Alisema mkaguzi wa bima anakuja, anataka aliyeumia awepo aonyeshe alipoangukia. Hakusema zaidi. Mshonaji aliuliza kama Mama anajua, naye akajibu kwamba amechagua asubuhi ya katikati ya wiki, Mama akiwa kwenye kikundi chake cha akina mama.

Walipofika walimkuta Mama amekaa kwenye kochi kubwa, mkoba mapajani, ametoa uso wa vita. Alikuwa amesikia kutoka kwa shangazi kwamba kuna mtu wa ofisi anakuja kumhoji mwanawe. Ofisi gani hakuuliza. Alikuja kumtetea. Binti yake alimwamkia, naye akaitikia akilitazama pazia.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye viatu vya vumbi na futi ya chuma. Alipima upana wa ngazi, akapima kimo cha kona, akamwomba mshonaji asimame pale aliposimama siku ile. Mshonaji alipanda. Kwenye kona aligeuka, akawaona wote wakiwa chini, nyuso juu: mume wake, kaka yake, wifi mlangoni pa jikoni, Mama kwenye kochi. Bila kutaka, mkono wake wa kushoto ulikishika chuma.

"Hivi vyuma," alisema mkaguzi, akiwa ameandaa kalamu, "siku ya ajali vilikuwapo?"

Mshonaji alilijua swali hilo. Mwanasheria alikuwa amemwandaa. Mwenye nyumba akisema vilikuwapo, basi mtu alianguka kwa uzembe wake tu, mapazia machoni, na jambo limekwisha pale pale. Bima haitalipa, bamba halitawekwa, na hakuna atakayelazimika kueleza lolote kwa mtu yeyote.

"Vilikuwapo," alisema Mama. "Nyumba ya mwanangu haijawahi kukosa kitu."

"Wewe mama unaishi hapa?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Mkaguzi aliinamisha kichwa kwa heshima, hakuandika kitu, akamgeukia Meneja na kurudia swali.

Meneja alikuwa amevaa tai nyumbani kwake. Alimtazama mdogo wake pale juu. Mshonaji hakumfanyia ishara yoyote, alisimama tu, mkono wa kulia ukining'inia ubavuni kama kitu alichosahau kukiweka chini.

"Havikuwapo," alisema Meneja.

Kalamu ikaandika. "Ulijua kwamba havipo?"

"Nilijua. Nilimwita hivyo hivyo, nikitaka wageni wakute mapazia. Yeye hakuzembea. Fedha zilikuwa zimeisha."

"Fedha gani ziishe?" alisema Mama. "Wewe umewahi kuishiwa?"

Kijana wa bima, ambaye hakuwa na habari ya makabati ya mtu yeyote, alipekua karatasi zake kutafuta jina la benki ili alisome. Meneja aliinua mkono kumzuia. Aliligeukia kochi.

"Fedha za benki, Mama. Nyumba hii ni ya mkopo. Msingi, kuta, paa, vigae. Nilikopa nikakudanganya."

Mama alikaa wima, mkoba mapajani, kama mtu aliyefika kituoni akakuta gari limeondoka. Macho yake yalikwenda kwenye dari, yakashuka kwenye taa, yakapita juu ya vigae polepole, moja baada ya jingine, kana kwamba wadai wameshaingia na yeye anawahesabia vitu. Wifi alifanya kama anataka kumsogelea, akaacha. Mwishowe Mama aliinuka mwenyewe. Alitembea hadi mwanzo wa ngazi, akaweka kiganja juu ya chuma cha kwanza, kile chenye ua la kusokotwa.

"Na hiki?" aliuliza. "Hiki nacho ni cha benki?"

"Hapana, Mama. Hicho nililipa mwenyewe. Kwa mshahara."

Mama alikitikisa chuma kujaribu uimara wake. Hakikutikisika. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu kile kikao akamtazama binti yake, akaanzia usoni, akateremka hadi kwenye mkono ule, akabaki hapo.

"Basi ungekilipia kwanza," alisema.

Mkaguzi alikohoa, akauliza kwa adabu kama na hilo ni sehemu ya maelezo.

"Ni sehemu," alisema mshonaji kutoka juu ya ngazi. "Andika."